Nati ya Kushoto

Kaka yangu sikumpa shikamoo kwa miaka mitatu. Mtu wa mbali anaweza kuliona hilo jambo dogo, lakini kwetu Usambara mdogo kumpita mkubwa wake bila kumwamkia ni sawa na kumtemea mate hadharani, na mimi ndivyo nilivyokusudia. Nilikuwa nikimkuta sokoni Lushoto, amesimama juu ya lori anahesabisha vibarua wake magunia ya karoti, nami naipinda shingo naangalia nyanya. Watu walikuwa wanaona. Muuza viazi mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, yule si kaka yako?" Nikamwambia, "Nipimie viazi, dada. Maswali sikuja kununua."

Ndiyo, nina ulimi. Hata ndoa yangu iliponishinda nikarudi nyumbani Malindi, ile ya huku milimani, si ya pwani, kukaa na wazazi, ulimi ulitajwa kwenye kikao mara nyingi kuliko jambo lolote jingine. Sikatai. Lakini kwa kaka niliona nina haki, tena haki tupu, isiyo na doa.

Sababu yenyewe ilikuwa gari la baba, Pijo 404 kuukuu, ambalo lilipata kuwa jeupe. Baba alipozidiwa na kifua, kaka ndiye aliyeshika usukani kumteremsha hospitali Korogwe. Walipoipita Soni, kwenye mteremko wa kwenda Mombo, gari likaingia mtaroni. Bahati ulikuwa mtaro wa upande wa mlima. Ungekuwa upande wa bonde tungekuwa tunaongea mengine. Hakuna aliyeumia, ila walikaa pale muda mrefu wakingoja lori la kuwavuta, baba amefunikwa koti, anahema kwa shida. Alifika hospitali amechoka mno. Siku ya pili akafariki.

Kaka alieleza kwamba gari lilivuta kushoto. Alisema aliushika usukani akauzungusha kulia na gari halikumsikia. Mimi nikasimama mbele ya wanawake waliokuja msibani, wanaume wakiwa ukumbini wanasikia, nikamwambia, "Mwongo wewe! Ulikuwa unakimbilia lori lako la kabichi. Umemuua baba." Niliyasema kwa Kiswahili, si kwa Kishambaa, ili hata wageni waelewe.

Nilikuwa na uhakika, na uhakika wangu ulikuwa na msingi. Gari lile miezi minne kabla ya ajali nililipima mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Lilikuwa limenyooka.

Hapo lazima nieleze kidogo. Gari likiwa zee, magurudumu ya mbele hupoteza mwelekeo. Moja linataka kwenda kanisani, jingine msikitini. Tairi zinakula upande, usukani unavuta. Wenye magari ya siku hizi wanakwenda kwenye mashine. Baba mashine hakuitaka. Alisema gari likipimwa bondeni litakuwa gari la bondeni, na sisi tunaishi mlimani. Tatizo ni kwamba kupima kunataka sakafu iliyolala sawasawa, na Malindi, Mungu alivyoipanga, hata kuku akitaga nje yai linabingirika. Kwa hiyo baba alichonga ubavu wa mlima nyuma ya nyumba, akamwaga saruji, akailaza kwa kupimia maji ndani ya mpira kama waashi wanavyofanya. Watu walidhani anajenga nyumba nyingine. Kumbe uwanja wa gari. Mama akaupenda kwa kuanikia maharage.

Zana zake zilikuwa chache: fito ya mkaratusi iliyopigwa misumari miwili, rula, spana, na njiti ya kiberiti. Unapima kati ya magurudumu ya mbele, kwanza upande wa mbele, kisha upande wa nyuma. Mbele panatakiwa pabane kuliko nyuma kwa unene wa njiti. Pasipokuwa hivyo, unaingia uvunguni, unalegeza nati, unazungusha chuma kinacholisukuma gurudumu, unapima tena, na ukiridhika unaikaza nati. Mwisho baba alikuwa akichovya kijiti kwenye kopo la rangi ya buluu, ile iliyobaki kwenye milango, na kuchora mstari mmoja juu ya nati na chuma kwa pamoja. Nati ikija kulegea, mstari unakatika, unaona.

Na kulikuwa na jambo moja ambalo sijaliona kwa fundi mwingine yeyote. Baba hakulipima gari tupu. "Gari hupimwa likiwa na watu wake," alisema, kwa sababu chini ya uzito magurudumu hukaa namna nyingine. Basi tulikuwa tunaingia wote. Mama mbele kushoto, kaka nyuma ya dereva, mimi nyuma ya mama. Baba alipoanza kunituma mimi uvunguni, kwa kuwa mwili ulimkataa na kaka alikuwa hana subira, yeye akakaa kiti cha dereva na kwangu pakawekwa gunia la viazi. Sheria ilikuwa moja. Hakuna kucheza, hakuna kushuka, mpaka aliye chini atoke aseme, "Shukeni." Utotoni mimi na kaka tulifinyana mle ndani kimyakimya hadi machozi yakatutoka, lakini kushuka, thubutu!

Mara ya mwisho kaka alishuka. Simu yake iliita, mteja wa Tanga, akafungua mlango akatoka huku anasema, "Ndiyo bosi, ndiyo bosi." Mimi niko uvunguni, nimeshamaliza upande wa kulia, niko kushoto. Gari likainuka juu yangu, kipimo kikaharibika. Nilitoka mle kama nyuki. Nikamwambia yote niliyokuwa nayo: kwamba kwa kabichi angemwuza hata mama. Akanijibu kwamba mwanamke aliyeshindwa na mume mmoja asimfundishe maisha. Akapanda bodaboda akaondoka. Kwa hiyo hata kabla ya msiba tulikuwa hatuivi chungu kimoja.

Basi, miaka mitatu gari limekaa juu ya sakafu ile, limefunikwa turubai, taa moja imevunjika na ubavu umebonyea. Kisha mwaka huu kaka akaja na habari kwamba kuna mtu Tanga anapenda magari ya zamani, analitaka. Alikuja kumwambia mama, si mimi. Mimi nilikuwa jikoni nasikia. Nikatoka na mwiko mkononi.

"Unataka kuondoa ushahidi," nikasema.

"Nataka kuliondoa lisiue tena," akasema, bila kunitazama.

Mama akamwita baba mdogo, mdogo wake baba, ambaye ndiye aliyebaki wa kuamua mambo yetu. Mzee yule haongei sana. Alisikiliza kila mtu, akanywa chai yake hadi mwisho, akasema, "Mmoja anasema gari lilipinda. Mwingine anasema limenyooka, dereva ndiye aliyepinda. Lipimwe. Likiwa limenyooka, libaki hapa, na wewe mkubwa uibebe lawama yako na usifungue mdomo tena. Likiwa limepinda, liondoke, na wewe mdogo ufunge wako."

Kaka akasema ataleta fundi kutoka mjini.

"Fundi wa nini? Marehemu kaka yangu alimfundisha nani?" baba mdogo akauliza. Wote wakaniangalia. "Apime huyu. Mbele yetu."

Wallahi nilifurahi. Wiki nzima nilifundisha nikiwa na wepesi wa ajabu, hata watoto wa darasa la nne wakashangaa sijawafokea. Nilikuwa najiona nimesimama juu ya sakafu, rula mkononi, nasema namba, na kaka anainamisha kichwa. Nilitaka ainamishe kichwa. Sikutaka kingine.

Jumamosi asubuhi ukungu ulikuwa bado umekaa kwenye migomba tulipovua turubai. Tulijaza tairi upepo, nikaweka fito chini, nikanyoosha usukani. Mama aliletewa kigoda akae pembeni akakataa. "Gari hili halijapimwa hata siku moja bila mimi," akasema kwa Kishambaa, akajikokota na blanketi lake mpaka kiti cha mbele. Baba mdogo akakaa mahali pa baba. Kwangu nikaweka gunia langu la viazi.

Kaka alikuwa ameegemea ukuta wa ghala, mikono kifuani.

"Ingia," baba mdogo akamwambia.

"Siingii. Mwenye gari lake alipime."

Nikasema, "Mwache, baba mdogo." Nikaenda ghalani, nikalivuta gunia jingine, nikalipakia kwenye kiti chake nikaligongagonga kama mtu anayemlaza mtoto. "Hili lina adabu. Halishuki kabla ya kuambiwa."

Niliona taya lake likicheza. Nilifurahi pia kwa hilo.

Nikapima mbele, nikapima nyuma. Nikapima tena. Mbele palikuwa pamepanuka kuliko nyuma, na si kwa njiti. Kwa kidole gumba. Gurudumu la kushoto lilikuwa linaangalia nje, kama ng'ombe anayetamani shamba la jirani.

"Sema namba," kaka akasema kutoka ukutani.

"Ni mtaro," nikajibu. "Kagonga mtaro, unategemea nini? Chuma kimepindika."

"Hakikisha," baba mdogo akasema kutoka kwenye usukani.

Nikaingia uvunguni na tochi ya simu, fito, spana, na kopo la rangi na kijiti chake. Nikaweka fito juu ya chuma cha kulia: kimenyooka, na kwenye nati mstari wa buluu upo, mzima, kama ulichorwa jana. Nikajivuta kushoto. Nikaweka fito. Chuma kimenyooka. Nikasogeza tochi kwenye nati nikitafuta mstari.

Haukuwepo. Haukukatika, haukufutika. Haukuwahi kuwepo. Na nati yenyewe ilikuwa imekaa mbali na mahali pake, imeacha nyuzi za skrubu tupu. Niliigusa kwa vidole viwili ikazunguka.

Nati iliyokazwa hailegei hivyo. Ile haikukazwa. Mimi ndiye niliyekuwa upande ule kaka aliposhuka, na mimi ndiye niliyetoka kwenda kumtukana, na sikurudi chini. Chuma kile kilikuwa kimejizungusha chenyewe, kona kwa kona, kutoka Malindi mpaka Soni, miezi minne, hadi siku aliyopakiwa baba.

Kisha nikakumbuka lile ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa, au nililizika, sijui. Siku ile kaka alipoondoka na bodaboda, nimesimama pale nahema kwa hasira, baba alitoa kichwa dirishani, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, umemaliza kule chini?" Na mimi, bila hata kumtazama, nikamjibu kwa ukali, "Nimemaliza! Shukeni!"

Akashuka. Aliniamini.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nililala pale chini, mgongo kwenye saruji ya baridi. Nitasema ukweli wangu wote kwa kuwa nimeshaanza. Jambo la kwanza nililofikiri halikuwa baba. Nilifikiri: spana ninayo, kopo la rangi ninalo, hakuna anayeona. Naikaza, napaka rangi, nasugulia vumbi juu, natoka nasema mtaro umepotosha gurudumu. Baba mdogo hajui gari. Kaka ataibeba lawama yake mpaka kaburini. Nilifungua kopo. Kijiti nilikuwa nacho mkononi tayari.

Viatu vya kaka vikaja vikasimama karibu na gurudumu, vumbi jekundu la Lushoto limekauka kwenye soli.

"Umeona nini?"

"Subiri."

"Umekaa sana. Umeona nini?"

"Nimesema subiri! Huna subira, hujawahi kuwa nayo!" Hata pale, jamani. Hata pale nilimfokea.

Hakunijibu kwa ukali. Alichuchumaa, nikaona magoti yake na mkono mmoja umeshika saruji. Akasema polepole, kwa Kishambaa, kwa sauti ambayo mama asingeisikia, "Mimi sina hakika. Miaka mitatu nauzungusha usukani ule usiku nikiwa nimelala. Siku nyingine gari linavuta, siku nyingine ni mimi niliyechelewa kukata kona. Kama ni mimi, niambie ni mimi. Nijue tu."

Hilo sikulitegemea. Nilikuwa nimemzoea kaka wa kubisha, huyo nilimweza. Huyu wa kuchuchumaa hakuna aliyenifundisha namna ya kumpiga.

"Nati ya kushoto haikukazwa," nikasema.

"Na nani?"

"Na mimi. Siku uliposhuka. Nilitoka kukutukana, nikasahau. Baba aliniuliza kama nimemaliza, nikamwambia nimemaliza."

Nilisikia kuku wanaparura karibu na ghala. Kisha akasema, "Toka. Uyaseme umesimama."

Nikatoka. Gauni limejaa grisi, nywele zimejaa vumbi. Nikasimama dirishani kwa mama, nikayasema tena, neno kwa neno, yeye na baba mdogo wakinitazama. Nilisema na lile la msibani, kwamba nilimwita kaka muuaji mbele ya watu na muuaji nilikuwa natembea naye ndani ya viatu vyangu. Baba mdogo alisema, "Astaghfirullah," akaushika usukani kwa mikono yote miwili ingawa gari lilikuwa halitembei.

Mama alitazama mbele, kwenye kioo, kama walio safarini. "Nilikuwa nimekaa hapahapa," akasema. "Nilimsikia akikuuliza. Nilisikia na ulivyomjibu. Nilisema moyoni, huyu mtoto anamjibu baba yake vibaya. Nikafikiri kosa ni adabu tu."

Nikamgeukia kaka. Nikainama kama inavyotakiwa. "Shikamoo, kaka."

Alinitazama. Macho yalikuwa mekundu lakini hayakuwa laini hata kidogo. "Shikamoo yako nimeisikia," akasema. "Marahaba leo sina."

Nilistahili.

Baba mdogo akakohoa. "Tulikubaliana. Gari limepinda, linaondoka."

"Linaondoka," kaka akasema. "Lakini liondoke limenyooka. Huyo wa Tanga ana watoto." Akafungua mlango wa nyuma, akalivuta gunia la viazi akalitupa kwenye saruji, likapasuka pembe, viazi vikabingirika mpaka kwenye mtaro wa maji. Akaingia, akakaa mahali pake, nyuma ya dereva, mwanamume wa miaka hamsini na kitambi, magoti yamemfika kifuani. Akaubamiza mlango. "Pima. Na mimi sishuki mpaka useme."

Nikarudi chini. Spana iliniponyoka mara mbili. Nilizungusha chuma, nikatoka nikapima, nikarudi. Nikazungusha, nikapima. Mara ya nne njiti ya kiberiti ikaingia palipotakiwa. Juu yangu hakuna aliyetikisika. Sikusikia hata springi ya kiti.

Nikaikaza nati. Nikachora mstari wa buluu juu yake, mpana kuliko wa baba. Nikauangalia. Nikaweka spana tena nikajaribu kuikaza zaidi, haikwenda.

"Mwanangu," mama akaita kutoka juu. "Umemaliza kule chini?"

"Bado, mama," nikasema. "Kaeni kwanza. Msishuke." Nikaishika tena ile nati.